Lulu, Karkar na Dawa: Historia ya Nywele Kavu Mjini Juba

Wanafunzi wenzangu wengi huamini kwamba kutunza nywele kavu nyumbani ni jambo jipya lililoletwa na simu. Mimi nasema ni historia ya vita na kurejea, nayo inasomeka kwenye rafu. Katika nyumba moja hapa New Site unaweza kukuta mafuta ya lulu, chupa ya karkar na kopo la dawa ya kulainisha nywele. Kila kimoja kilikuja kwa njia yake.

Mswahili akisikia lulu hufikiria kito cha baharini. Kwa Kiarabu cha Juba ni mti unaomea wenyewe porini, kutoka Bahr el Ghazal hadi Uganda ya kaskazini, ambako Waacholi huyaita mafuta yake moo yaa. Ndugu yake wa Afrika ya Magharibi ndiye maarufu zaidi. Ibn Battuta alikwisha kuyataja mafuta yale alipopita Mali mwaka 1352. Lakini yetu ni laini kuliko yale, na kwa joto la Juba huyeyuka yenyewe. Kuyapata si kazi ndogo. Akina mama huokota matunda yaliyoanguka, hukausha kokwa, hukaanga, hutwanga, husaga, huchemsha, kisha huengua mafuta yanayoelea juu. Yaleyale ya kupikia ndiyo ya kumpaka mtoto mchanga, na ndiyo ya nywele.

Karkar ilitoka kaskazini. Vita vya 1983 hadi 2005 viliwasukuma watu wengi wa kusini hadi pembezoni mwa Khartoum, na huko wanawake walijifunza kusuka mistari myembamba na kuipaka mafuta ya ufuta yaliyochemshwa pamoja na shahamu na vitu vya harufu. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005 walirudi na ujuzi huo. Vita vya Khartoum vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023 vimewaleta wengine.

Dawa ilipitia kusini, kwa waliokimbilia Uganda na Kenya, wengine wakiishi Kakuma tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992. Saluni za Kampala na Nairobi ziliwafundisha kwamba nywele zilizonyooka ndizo nadhifu. Hapa sifichi upande wangu. Dawa huvunja viungo vya ndani ya unywele, na unywele uliokwisha kuvunjwa haurudi kama ulivyokuwa. Unasubiri mpya uote. Lulu na karkar hazimdai mtu hivyo.

Mama mmoja jirani yetu, aliyeishi Khartoum kwa miaka mingi, husuka mabinti wa mtaa huu. Utaratibu wake umechanganya njia mbili za kwanza. Nywele huoshwa mara moja kwa wiki mbili, maana maji hapa hununuliwa kwa pipa kutoka kwenye lori. Hazichanwi zikiwa kavu. Zikiwa bado na unyevu hupakwa lulu kidogo, husukwa, na karkar hupita juu ya mistari. Usiku ni kitambaa. "Mafuta si maji, binti yangu," huniambia kila nikitaka kupaka kwanza. Ana haki: mafuta hayaongezi unyevu, huuzuia tu usitoke. Nywele zetu zimejikunja, kwa hiyo mafuta ya kichwani hayafiki nchani, na kuanzia Desemba hadi Machi hewa ya Juba hukausha kila kitu. Ndiyo maana zinatimka.

Kinachonitia wasiwasi ni mti wenyewe. Juba hupika kwa mkaa, na mlulu hutoa mkaa mzuri. Mti huo huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, lakini kuukata ni kazi ya siku moja. Gunia la mkaa huuzwa jioni ileile. Kokwa husubiri msimu.