Kosa la Miaka 232

Nilipokuwa mwalimu kijana, mwanafunzi mmoja aliniletea jibu lisilolingana na la kitabuni. Nilimwandikia kosa bila hata kuipitia hesabu yake. Jioni nilipoirudia mwenyewe, nikaona kuwa mtoto alikuwa sahihi na kitabu kilikuwa kimekosea. Hadi leo sijaisahau aibu ile, na ndiyo inayonifanya niipende habari ya namba moja ndefu.

Chukua mbili 67, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927, namba yenye tarakimu 21. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliiweka katika orodha yake ya namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mersenne alikuwa mtu mwenye heshima kubwa, aliyeandikiana barua na wataalamu wengi wa Ulaya. Nani angeshika kalamu amsahihishe?

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alibuni njia ya kuipima namba ya aina hii pasipo kuvitafuta vigawo vyake. Kipimo kilionyesha kwamba namba hii si tasa. Lakini kilikuwa kama mganga anayekwambia kuna ugonjwa mwilini asiweze kukuonyesha ulipo. Vigawo vilikuwapo, vilivyo, hakuna aliyevijua.

Ndipo Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Wanahisabati wa Marekani mjini New York, alipotokea Frank Nelson Cole. Inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno. Akaikokotoa namba ya Mersenne, kisha pembeni akazidisha kwa mkono 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Inasemekana alipoulizwa kazi hiyo ilimchukua muda gani, alijibu kuwa ni Jumapili za miaka mitatu.

Fikiri kidogo, msomaji. Kuvitafuta vigawo vile kulihitaji miaka. Kuvihakiki kunahitaji saa moja tu na karatasi, na hata mwanafunzi wa shule ya msingi mwenye subira anaweza. Tena haikuwa namba hiyo peke yake: orodha ya Mersenne ilikuwa na namba nyingine isiyo tasa, ile ya kipeo cha 257, na iliziacha tatu zilizostahili kuwamo, za vipeo vya 61, 89 na 107.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Cole hakumshutumu Mersenne, wala hakuwaomba watu wamwamini. Aliwaonyesha tu. Mwanafunzi wangu naye alikuwa amenionyesha, hatua kwa hatua, katika daftari lake. Mimi ndiye sikutazama.