Ziwa la Kandy

Mgeni afikaye Kandy, mji ulio katikati ya milima ya Sri Lanka, hudhani kuwa ziwa lile zuri limekuwapo tangu dunia kuumbwa. Sivyo. Pale palikuwa na mashamba ya mpunga, hata mwaka 1807 Mfalme Sri Vikrama Rajasinha alipoamuru tuta kubwa lijengwe kuzuia maji. Raia walibebeshwa udongo kwa shokoa, nao machifu wakanung'unika kwamba nguvu za watu zinapotezwa kwa ajili ya pambo. Nami nadhani hawakukosea kabisa, ijapokuwa pambo lenyewe lapendeza mno.

Wareno walifika kisiwani mwaka 1505, wakafuatwa na Waholanzi, kisha Waingereza. Wote walitwaa pwani, lakini Kandy ilikingwa na milima, misitu na homa. Mwaka 1803 Waingereza waliuingia mji, na askari waliowaacha humo wakaangamizwa. Kilichouangusha hatimaye ni fitina kuliko mizinga. Machifu waliochoshwa na ukatili wa mfalme walipatana na adui, na tarehe 2 Machi 1815 wakatia sahihi mkataba wa kumwuzulu. Mfalme alipelekwa Vellore, Bara Hindi, akafa huko mwaka 1832. Ziwa lake alikuwa amelifurahia miaka michache tu.

Je, machifu walipata walichotaka? Mkataba uliahidi kulinda dini ya Buddha na desturi za nchi. Lakini mwaka 1817 wengi wao walikwisha kuasi, na uasi huo ulizimwa kwa kuchoma nyumba na kuharibu mazao.

Waingereza nao walilipenda ziwa, kwa namna yao. Kisiwa kilicho katikati wakakifanya ghala ya baruti. Nyumba walimooga malkia wakaigeuza maktaba. Karibu na hekalu wakajenga kanisa la matofali mekundu. Reli ilifika mwaka 1867 ili kuchukua kahawa, na kahawa ilipouawa na ugonjwa wa majani, ikachukua chai. Mwaka 1944 Admirali Mountbatten aliyahamishia Kandy makao yake makuu ya vita, wakati askari wa King's African Rifles, wengine wao kutoka Kenya, walipokuwa kisiwani humo wakingoja kwenda Burma.

Hata leo, kila mwaka mnamo Julai au Agosti, tembo waliovikwa nguo za fahari hupita usiku kwa ngoma na mienge, na mmoja wao hubeba kasha la heshima ya jino la Buddha. Hupita mbele ya hoteli ya wakoloni, hatua chache kutoka kwenye tuta la mfalme.