Kutoka Kongwa hadi Karandinga: Vifungo vya Pwani ya Ruvuma

Machi 1866 David Livingstone aliteremka katika ghuba ya Mikindani, akashika njia ya kuufuata mto Ruvuma kwenda bara. Ilipofika Juni alikuwa amekwisha kuyaona masalia ya misafara ya watumwa, akiwamo mwanamke aliyekutwa maiti, shingo imefungwa kwenye mti. Misafara ile ilitoka upande wa Ziwa Nyasa kuja bandari za Kilwa na Mikindani, na haikuwa na jela. Ilikuwa na kongwa, gogo lenye panda linalobana shingo: ukuta, mlango na mlinzi kwa pamoja, na aliyefungwa ndiye anayelibeba. Historia ya vifungo vya pwani hii, kwa maoni yangu, ianzie hapo, kabla ya jengo lolote. Sultani Barghash wa Zanzibar aliifunga biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya nchi kavu. Mazoea ya kumfunga mtu huku anafanya kazi yalibaki.

Wajerumani walijenga boma la Mikindani mwaka 1895, mwaka uleule waliomnyonga mpinzani wao Hassan bin Omari Makunganya kule Kilwa Kivinje. Maboma yao yalikuwa ofisi, mahakama, kambi ya askari na mahabusu chini ya paa moja. (Leo boma la Mikindani ni hoteli, na watu hulipa ili walale humo.) Amri ya Aprili 1896 iliweka kikomo cha viboko kuwa 25 kwa mkupuo, na vingine 25 baada ya majuma mawili, Waarabu na Wahindi wakasamehewa adhabu hiyo. Ndiyo ile hamsa ishirini iliyokaa midomoni mwa watu hadi leo. Mwaka uliofuata ikaja kodi ya nyumba, na asiye na rupia akalipa kwa jasho.

Adhabu iliyoonekana zaidi barabarani ilikuwa mnyororo. Wafungwa walivishwa pete za chuma shingoni, wakaunganishwa kwa safu, wakachota maji, wakabeba mawe, wakafyeka njia. Fikiria maisha hayo kwa siku moja tu. Mmoja akijikwaa, shingo za wote zinavutwa. Mmoja akitaka kujisaidia, safu nzima inasimama. Hapo hapakuwa na nafasi ya mjuba: ilibidi mjifunze hatua moja, mrefu afupishe yake na mgonjwa akokotwe taratibu. Wengine hawakungoja kufika huko. Machemba, chifu wa Wayao, alimwandikia Wissmann, mkuu wa Wajerumani, barua ya Kiswahili mwaka 1890 akikataa kwenda kwake, na mwaka 1899 akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Mto ulikuwa mlango wa nyuma wa nchi hii, ingawa ng'ambo nako kulikuwa na vifungo vyake. Wareno waliigeuza ngome ya kisiwa cha Ibo kuwa jela ya wanasiasa, na Juni 1960 pale Mueda waliwakamata viongozi Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane siku ileile waliyoufyatulia risasi umati.

Waingereza waliowafuata Wajerumani walileta makaratasi. Tarehe 25 Agosti 1931 magereza yalitenganishwa na polisi, yakawa idara yenye vyeo, sare na daftari. Mahabusu wakatengwa na wafungwa, wanawake na wanaume, wa kosa la kwanza na wazoefu. Ikaja pia theluthi, punguzo la kifungo kwa mwenye mwenendo mzuri, na hiyo nadhani imetuliza selo nyingi kuliko fimbo.

Lakini gereza haliendeshwi na askari peke yao hata siku moja. Ni wachache mno. Kati yao na wafungwa yupo nyapara, mfungwa mwenzao aliyepewa mamlaka. Cheo hiki ni cha zamani kuliko gereza lenyewe: misafara ya wapagazi ilikuwa na wanyapara, mashamba ya mkonge yakawa nao, magereza yakawarithi. Nyapara hupanga nani alale wapi, na mgeni huangukia karibu na ndoo ya haja. Selo ikijaa watu hulala ubavu, na anayetaka kugeuka hungoja wote wageuke. Asubuhi wanachuchumaa kwa safu wahesabiwe. Kipande cha sabuni au sigara ndiyo pesa. Kazi ya nje, ambayo aliye uraiani anaiona ni mateso, wengi huigombea, maana shambani kuna hewa, pengine embe lililodondoka, na habari za nyumbani kutoka kwa mpita njia.

Uhuru haukulegeza mkono. Sheria ya mwaka 1963 iliwapangia wala rushwa na wezi wa mali ya umma viboko 24, 12 wakiingia na 12 wakitoka. Kimoja tu pungufu ya hamsa ishirini ya Mjerumani. Sheria ya Magereza ya 1967 iliendeleza theluthi, na kazi ikabaki ndiyo nguzo. Julai 2018 Rais Magufuli alilitaka Jeshi la Magereza liwatumie wafungwa wazalishe na wajilishe wenyewe. Tarehe 9 Desemba 2019 akawasamehe wafungwa 5,533 kwa mpigo.

Msamaha, theluthi na kazi ya nje havimgusi mahabusu. Januari na Mei 2013 Mtwara iliwaka kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam kutoka Mnazi Bay, jirani na mlango wa Ruvuma, na waliokamatwa wakaionja rumande. Mfungwa wa gereza la Lilungu, Mtwara, aliyehukumiwa miaka mitatu anajua kwamba akitulia atatoka baada ya miwili, na atazihesabu siku hizo. Mahabusu wa kesi isiyo na dhamana hupanda karandinga kwenda mahakamani, hupigwa kalenda, hurudi kula ugali uleule na maharage yaleyale. Hana tarehe ya kuzoea. Septemba 2019 watuhumiwa wa uhujumu uchumi nchi nzima walipewa siku saba za kukiri na kurejesha fedha. 467 wakaandika barua, wakaahidi zaidi ya shilingi bilioni 107. Wangapi kati yao walikuwa na hatia, na wangapi walikuwa wananunua tarehe tu, barua hizo haziwezi kutuambia.