Safu ya Lugha: Mchochota na uvimbe

Kuanzia Njombe mjini hadi stendi ya Makambako, ukisikiliza mazungumzo ya kisukari utakutana na neno "uvimbe". Mgonjwa anaambiwa mwili wake una uvimbe, naye anarudi nyumbani akijipapasa shingo na kwapa kwa hofu ya saratani. Neno limewekwa pasipo pake. Uvimbe hutokana na kuvimba: ni kitu kilichotuna, cha kuonekana au kushikika. Jipu ni uvimbe wenye usaha. Saratani ni ugonjwa, na si kila uvimbe ni saratani. Kinachotajwa kwenye kisukari ni mchochota, kutokana na kuchochota, yaani kuuma kwa kuwasha kama kidonda kilichotiwa chumvi. Ni kinga ya mwili iliyoamka. Ikiendelea chinichini kwa miaka, huenda pasivimbe kitu.

Mafuta ya tumboni yakizidi hutoa sitokini, protini zinazochochea mchochota na kuidhoofisha kazi ya insulini. Sitokini hupokelewa na vipokezi vilivyo juu ya seli. Baadhi ya vipokezi hukatika, vikaelea katika damu na kuzinasa sitokini njiani. Mwaka 1993, huko Marekani, Gökhan Hotamisligil na wenzake waliwapa panya wanene vipokezi vya namna hiyo vilivyotengenezwa maabara, na insulini ikafanya kazi vizuri zaidi.

Basi, wauguzi na watangazaji wetu, semeni "mchochota". "Uvimbe" ubaki kwa kilichovimba.