Binti wa Nani? Jina la Mke Baada ya Ndoa na Hifadhi ya Nasaba

  

Katika wilaya ya Bahi, kama kwingineko katika mkoa wa Dodoma na bara kwa jumla, wapo mabinti wa Kiislamu ambao mara tu baada ya kuolewa huacha jina la baba au la babu na kujiandikisha kwa jina la mume. Baadhi yao huona ni heshima kwa mume. Wengine hudhani ni sharti la serikali, na wapo wanaodhani ni sharti la dini. Katika makala hii tutaeleza ada hii ilikotoka, sheria inavyosema, na hasara inayoweza kumpata binti asipokuwa na hadhari.

Jina ni shahidi wa nasaba

Kabla ya kupewa utume, Mtume (S.A.W.) alimwacha huru Zayd bin Haritha na kumfanya kuwa mwanawe wa kulea. Watu wakawa wanamwita Zayd bin Muhammad. Kisha ikateremka Madina aya ya 5 ya Suratul-Ahzab, iliyoamrisha watu waitwe kwa baba zao, kwani huo ndio uadilifu zaidi mbele ya Allah. Zayd akarejea kuwa bin Haritha. Mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua hata kidogo. Kilichosahihishwa ni nasaba. Na katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, limekuja onyo kali kwa mtu anayejinasibisha na asiyekuwa baba yake hali ya kuwa anajua.

Tuwatazame sasa Mama wa Waumini. Bibi Khadija alibaki bint Khuwaylid, Bibi Aisha bint Abi Bakr, na Bibi Hafsa bint Umar. Lau kubeba jina la mume kungekuwa ndiyo heshima ya mke, hakuna wanawake waliostahiki heshima hiyo kuliko wao, kwani hakuna mume aliye mbora kuliko wao walivyokuwa naye. Zaidi ya hayo, Bibi Umm Habiba alibaki bint Abi Sufyan katika miaka ambayo baba yake alikuwa akiongoza majeshi ya Makureshi dhidi ya Waislamu, kabla hajasilimu Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 Hijria. Bibi Safiyya naye alibaki bint Huyayy, na baba yake alikufa akiwa adui wa Uislamu.

Hapa pana somo kubwa kwa watu wa Bahi. Ziko familia nyingi katika uwanda huu ambamo baba ni Mkristo, au yuko katika mila za wazee, na binti ni Mwislamu. Binti huyo anaposilimu au kuolewa, wapo wanaomhimiza alitupe jina la baba yake kwa hoja kuwa si jina la Kiislamu. Hoja hii haina msingi. Anaweza kujichagulia jina jema lake mwenyewe, lakini jina la baba si mali yake wala ya mumewe kulibadili. Sahaba Ikrima (R.A.) aliitwa bin Abi Jahl hadi mwisho wa uhai wake, na haikumpunguzia daraja.

Ada hii ilitoka wapi?

Haikutoka kwa wazee wetu wa bara. Wagogo huhesabu ukoo kwa upande wa baba, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Mke basi ni mtu wa ukoo mwingine, na akiitwa kwa ukoo wa mumewe itaonekana kana kwamba mtu ameoa nduguye. Wala haikutoka pwani, ambako mwanamke alijulikana kwa ubinti wake. Bibi Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 1950, alijulikana Afrika Mashariki nzima kwa jina la baba yake.

Asili yake ni Ulaya. Katika sheria ya zamani ya Waingereza, mwanamke akiolewa nafsi yake ya kisheria ilimezwa na ya mumewe, na mali yake iliingia mikononi mwa mume. Hali hiyo ilivunjwa kwa sehemu kubwa na sheria ya mwaka 1882 iliyompa mke haki ya mali yake. Wajerumani nao, katika Kanuni yao ya Madai iliyoanza kutumika mwaka 1900, waliandika kwamba mke anapata jina la ukoo la mumewe. Mataifa haya mawili ndiyo yaliyotutawala, moja baada ya jingine. Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, ikapita Bahi na kufika Kigoma mwaka 1914. Pamoja na utawala huo zilikuja ofisi, makarani na madaftari, na namna yao ya kuandika majina.

Basi jina la mume lilikuwa alama ya sheria iliyommeza mke. Sheria ya Kiislamu haikummeza kamwe: mahari ni yake, mali yake ni yake, na urithi wake ni wake. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kubadili jina, na kifungu chake cha 56 kinampa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali, kufunga mikataba, kushitaki na kushitakiwa. Rais Samia Suluhu Hassan aliolewa mwaka 1978 na akabaki na jina la baba yake, na binti yake Wanu Hafidh Ameir naye anaitwa kwa jina la baba yake.

Hukumu

Wanachuoni wa zama hizi wana kauli mbili. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia imezuia, kwa kuwa ni kujinasibisha na asiye baba na ni kuiga ada za wasio Waislamu. Dar al-Ifta ya Misri imeruhusu pale ambapo makusudio ni kumtambulisha mke tu, na hakuna anayedhani kuwa mume ndiye mzazi.

Kila upande una tegemeo. Wanaoruhusu hutaja kwamba Qur'ani katika Surat At-Tahrim imewataja mke wa Nuh, mke wa Lut na mke wa Firauni kwa waume zao. Katika Sahihi ya Bukhari pia, Zaynab alipoomba idhini kwa Mtume (S.A.W.), akauliza ni Zaynab yupi, akajibiwa kuwa ni mke wa Ibn Mas'ud. Aidha, sahaba Miqdad bin Amr aliendelea kujulikana kwa jina la Ibn al-Aswad, mtu aliyemlea, hata baada ya aya kuteremka, kwa vile nasaba yake ya kweli ilikuwa bayana.

Sisi tunaona kuwa kusema "mke wa fulani" au "mama fulani" hakuna ubaya. Ama kulifuta jina la baba katika hati na kuweka la mume mahali pake, ni kukiondoa kile ambacho aya imekuja kukihifadhi. Kuliepuka jambo hili ndiyo salama zaidi.

Hasara yake na nasaha zetu

Hasara huonekana siku ya mirathi. Baba anafariki, shauri linafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na binti anakuja na kitambulisho chenye jina la mume. Cheti cha kuzaliwa kinasema hili, kitambulisho kinasema lile. Ndugu mwenye tamaa hapo hupata mlango wa kumkana dada yake, ilhali fungu lake limewekwa na Allah katika Suratun-Nisaa. Vilevile mke akiachwa na kuolewa kwingine, huingia nyumba ya mume wa pili akiwa na jina la wa kwanza.

Kwa hiyo tunawanasihi maimamu wanaofungisha ndoa waandike jina la bibi harusi kamili, lake na la baba yake, na wawaeleze wazazi na bwana harusi siku hiyo hiyo. Waume wasiwashurutishe wake zao katika jambo ambalo dini wala serikali haikulishurutisha. Na dada aliyekwisha kubadili asihukumiwe kuwa mwenye dhambi kabla ya kujua nia yake, kwani aya hiyo hiyo ya Suratul-Ahzab imeondoa lawama kwa lililofanywa kwa makosa, ikaiweka kwa lililokusudiwa na nyoyo. Atunze cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa pamoja, na akiweza afuate taratibu za kisheria za kurejesha jina lake sasa, baba yake akiwa hai wa kumshuhudia.

Tunamuomba Allah (S.W.) ahifadhi nasaba zetu na haki za mabinti zetu. Wallahu a'alam.