Mombasa na Batavia: Kuisoma Indonesia kutoka Mji wa Kale

Fasihi ya Indonesia hufundishwa kwetu, ikifundishwa, kama fasihi ya mbali inayofikika kwa tafsiri za Kiingereza peke yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msomaji wa Mji wa Kale wa Mombasa ana njia nyingine ya kuiendea nchi hiyo, na kwamba akiifuata njia hiyo hukutana na swali linalomhusu mwenyewe: ni nani mwenye haki ya kuamua lugha ya watu?

Tuanze na kitabu. Watoto wengi wa Mvita wamefunzwa chuoni misingi ya fiqhi ya Kishafii kwa Safinat al-Naja, ambacho wenyewe hukiita Safina tu. Mtungaji wake, Salim bin Sumayr, alikuwa Mhadhrami aliyehamia Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, na huko ndiko alikofia mwaka 1855. Sharhi yake mashuhuri iliandikwa na Nawawi al-Bantani, mwanachuoni mzaliwa wa Banten katika kisiwa cha Java, aliyefariki Makka mwaka 1897. Hivyo mtoto wa Kibokoni na mtoto wa Java wamehifadhi sharti zile zile za udhu kwa maneno yale yale ya Kiarabu, bila ya mmoja kumjua mwenzake.

Filamu hazikufuata njia hiyo. Biashara iliyolisha majumba ya sinema ya Mombasa katika karne ya 20, kama Regal na Naaz, ilitawaliwa na Bombay na Hollywood, wala haikuiachia Jakarta nafasi. Hata hivyo, Jakarta nayo ilikuwa ikizitazama filamu zizo hizo za Bombay, na zao lake lafanana na letu. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Kimvita, mengi yakiwa ya Ahmad Nassir, kwa mahadhi ya Kihindi. Nchini Indonesia, katika miaka ya 1970, Rhoma Irama aliuchanganya muziki wa Kimalei na mahadhi ya Kihindi na magitaa ya roki, akaukuza muziki uitwao dangdut, kisha akaupeleka katika filamu alizoziigiza mwenyewe. Wako wahakiki walioyaona mahadhi ya Bhalo kuwa ni uigaji mtupu. Mfano wa Jakarta watufunza vingine: sauti ya ugenini yaweza kuwa chombo, na shehena ikabaki ya wenyeji.

Lakini ulinganifu wenye uzito zaidi ni wa mwaka 1928. Mwezi wa Juni mwaka huo, wajumbe wa makoloni ya Afrika Mashariki walikutana hapa Mombasa, wakakata shauri kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Kimvita, lahaja ya mji ule ule uliowakaribisha na yenye hazina kubwa ya ushairi, kikawekwa kando. Tarehe 28 Oktoba, mkutano wa vijana wazalendo mjini Batavia uliapa kuienzi lugha ya umoja, yaani Kimalei, ambacho walikiita Kiindonesia. Walikichagua ingawa wasemaji wa Kijava walikuwa wengi zaidi. Lugha zote mbili zilikuwa za bandari na biashara kabla ya kuwa za dola. Tofauti ni kwamba kwetu waliokata shauri walikuwa watumishi wa serikali za kikoloni na wamisheni, na kwao walikuwa ni vijana wenyewe.

Tofauti hiyo isikuzwe kupita kiasi. Wadachi walikwisha kuipangia lugha ya Kimalei tahajia tangu mwaka 1901, na shirika lao la uchapishaji, Balai Pustaka, lilichagua lipi lichapwe na lipi liachwe. Kadhalika, Kiswahili hicho hicho kilichosanifishwa na wakoloni ndicho kilichokuja kuwa chombo cha kudai uhuru Tanganyika. Hata hivyo, jeraha la kuamuliwa halikufutika, na fasihi ndiyo iliyolihifadhi.

Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyaandika gerezani kwa siri, juu ya karatasi za chooni, yalitolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Yamejaa Kimvita, lahaja iliyokataliwa mwaka 1928. Mwaka huo huo wa 1969, Pramoedya Ananta Toer, aliyekamatwa mwaka 1965 na ambaye hakufikishwa mahakamani, alipelekwa kisiwa cha Buru. Alikaa huko hadi mwaka 1979. Riwaya yake Bumi Manusia aliwasimulia wafungwa wenzake kwa mdomo kabla ya kuiandika. Ilichapishwa mwaka 1980, ikapigwa marufuku mwaka uliofuata.

Shujaa wa riwaya hiyo, Minke, ni kijana wa Kijava aliyesomeshwa Kidachi mjini Surabaya mwishoni mwa karne ya 19. Anapoitwa na baba yake, mtawala wa wilaya, inambidi atambae sakafuni na kusema Kijava cha heshima. Tafsiri ya Kiingereza hutueleza hayo, lakini lugha zote huzivika joho moja. Filamu ya Hanung Bramantyo ya mwaka 2019 huturudishia sauti: sikio lasikia Kijava, Kidachi na Kiindonesia, na hata asiyezifahamu hutambua ni nani aliye chini na ni nani aliye juu. Kwa hiyo filamu hapa ni nyenzo ya uhakiki, si burudani tu ya kukifuatia kitabu.

Itafaa basi Bumi Manusia isomeshwe pamoja na Sauti ya Dhiki, na ifasiriwe kwa Kiswahili kutoka Kiindonesia chenyewe. Mfasiri atakayeishika kazi hiyo atalazimika kuamua Minke aseme Kiswahili gani mbele ya babake. Akilijibu hilo kwa Kimvita, atakuwa ameufungua tena mjadala uliofungwa Mombasa mwaka 1928 bila ya wenyewe kuulizwa.