Safu ya Lugha: Bredauni

Limeenea miongoni mwa madereva wa Kenya na Tanzania neno bredauni, nao hulitumia kwa gari lijalo kuliondoa jingine lililoharibika, ilhali asili yake katika Kiingereza ni huko kuharibika kwenyewe. Yaani tabibu amepewa jina la maradhi. Hilo silikatai sana, maana wasemaji wamekwisha kata shauri. Ninalolilaumu ni kukitwika kitenzi kuvuta kila amali ya njiani. Pikapu iliyonasa matopeni hukwamuliwa. Iliyozimika katika mlima wa Kitonga, ikafungwa mnyororo, hukokotwa, na katika kukokota ndiko tulikopata neno mkokoteni. Ama kuburura, huko ni kukokota kitu kikisugua chini, jambo asilolitaka mwenye gari yeyote. Tena kuna kubeba, wala tofauti hii si ya wanazuoni peke yao, kwani pikapu ambayo injini huyazungusha magurudumu yake yote manne yapasa kupakiwa nzima juu ya sitaha ya lori, isije ikainuliwa mbele tu, ya nyuma yakazunguka barabarani, giaboksi ikafisidika. Apigaye simu akasema, “Njooni mnivute,” asistaajabu akiletewa mnyororo.